Podikasti Lubumbashi: mdhamini au michango ya wasikilizaji?

Swali hili hurudi kila tunapokutana watengeneza podikasti wa hapa Lubumbashi: pesa itoke kwa mfanyabiashara au kwa msikilizaji?

Mdhamini hulipa kwa mkupuo. Mama mwenye duka la vitenge soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, akikubali dola 50 kwa mwezi, umeshapata pesa ya bando na mafuta ya jenereta siku umeme ukikatika. Lakini kumpata ni miguu: unapita duka kwa duka, simu mkononi, ukimsikilizisha kipande ambacho duka lake litatajwa, naye anauliza ni wateja wangapi watakuja. Biashara ikilegea, wewe ndiye wa kwanza kukatwa. Mimi nilimpoteza mdhamini wangu wa pekee hivyo, vipindi vikasimama miezi miwili. Andikianeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja.

Michango huingia kidogo kidogo kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money: huyu faranga 1,000, yule dola moja. Watu 40 wa dola moja wanamkaribia mdhamini yule, na wakiondoka 3 hutikisiki. Tena una uhuru: utazungumzia bei ya unga bila kumwogopa mwenye duka. Kazi yake ni kutokosa kipindi na kumshukuru kila mtu.

Mwenye wasikilizaji wengi wa mji mmoja apige hodi madukani. Mwenye wachache waliotawanyika hadi Likasi na Kolwezi, lakini wanaomwandikia kila wiki, aanzie kwao.