Paketi za kaki zenye dirisha: zinapendeza, lakini si kwa kila unga

Msindikaji mdogo akitaka kuachana na mfuko mwepesi wa nailoni, mara nyingi hukimbilia paketi hizi: karatasi ya kaki nje, dirisha la plastiki angavu mbele, zipu juu. Kwa sura sina neno. Zinasimama zenyewe rafuni na mteja anaona anachonunua. Kwa mchele, choroko na maharage, chukua bila wasiwasi.

Kwa unga wa lishe wenye karanga au soya, hapana. Mafuta yaliyomo huharibiwa na hewa, joto na mwanga, na dirisha linapitisha mwanga mchana kutwa. Unga utaanza kuwa mchungu kabla ya tarehe uliyoiandika kwenye lebo, na mteja hatailaumu paketi, ataisema chapa yako. Chukua paketi yenye tabaka la alumini, isiyo na dirisha. Anayetaka kuona, mwekee picha ya uji.

Na usiandike "haina plastiki". Kaki ni ganda tu, ndani kuna plastiki. Bila hiyo paketi isingeshikana ukiibana kwa mashine ya joto.

Zipu kazi yake inaanza mteja akishafungua. Kabla ya hapo lazima ubane kwa joto juu ya zipu, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: vumbi la unga likibaki kwenye mstari wa kubana, plastiki haishikani vizuri na hewa inapenya. Jaza kwa faneli yenye shingo ndefu, futa midomo kwa kitambaa kikavu, ndipo ubane. Kisha toa paketi moja kafara: izamishe kwenye ndoo ya maji, uiminye. Mapovu yakitoka, ongeza muda wa kubana; karatasi ikianza kuungua, umezidisha.

Muuzaji akikwambia "hii ya nusu kilo", muulize nusu kilo ya nini. Sukari ya uzito huo inachukua kama lita 0.6, unga laini unaweza kukaribia lita 1, na bado unahitaji sentimita 3 au 4 juu za kubania. Nunua chache, jaza bidhaa yako mwenyewe, ndipo uagize mzigo.

Kuchapa moja kwa moja kwenye paketi kunavutia, ila viwanda vingi hutengeneza silinda ya kuchapia kwa kila rangi, ndiyo maana wanadai oda ya maelfu. Kama bado hujapata alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), au uzito na mchanganyiko bado vinabadilika, baki na stika.

Stika iwe nyeupe, maana kaki hufifisha rangi. Msimbo pau (barcode; namba za Tanzania huanza na 620) uwe mweusi juu ya nyeupe, upana wa kawaida milimita 37, pembeni paachwe wazi. Usiuchape kwa nyekundu: mashine nyingi za kusomea hutumia mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari hiyo haionekani kabisa. Wala usiubandike kwenye mkunjo wa chini, keshia atahangaika nao.