Goren anasoma uso wa kila mtu, mama yake anampenda Frank

Nimeirudia Law & Order: Criminal Intent, tamthilia ya Marekani iliyorushwa kuanzia 2001 hadi 2011, na safari hii kesi zenyewe hazikunishughulisha sana. Macho yangu yalikuwa kwa mpelelezi Robert Goren.

Vincent D'Onofrio anamwigiza kwa mwili mzima. Akimhoji mshukiwa anainama, anapinda shingo mpaka uso wake unaingia chini ya uso wa mwenzake, mtu hana pa kukwepesha macho. Kuna wanaoona ni mbwembwe. Mimi namwona mtoto aliyekua akichungulia uso wa mama mgonjwa ili ajue leo kumekuchaje. Mama yake, Frances, ana skizofrenia, ugonjwa wa akili. Goren ndiye anayempigia simu, ndiye anayekwenda kumwona hospitalini. Kaka mtu, Frank, ni mraibu wa dawa za kulevya, hana makao, na kwa mama yake ni nadra kuonekana. Kipenzi cha mama ni nani? Frank.

Msimu wa sita ndipo jambo hili linapokuja juu, mama akiwa anaugua saratani. Rita Moreno, anayemwigiza Frances, hakumfanya kuwa mama katili, na hilo ndilo linalouma. Upendo anao, tena mwingi, ila unampita huyu aliyekaa kando ya kitanda. Sisi tuliowahi kuwa mtoto wa "wewe unajiweza bwana" tunaijua hiyo.

Kilichonimaliza kabisa ni kipindi cha msimu wa saba kiitwacho "Untethered". Mama keshafariki. Frank anakuja na shida: mwanawe, Donny, yuko gerezani na anateswa. Goren anajipenyeza humo akijifanya mfungwa, anaishia kufungwa mikanda mezani, kiu inamkausha midomo, na akitoka humo wanamsimamisha kazi. Yote kwa ajili ya nyumba ya yule aliyependwa kuliko yeye! Hakuna anayemtamkia neno "upendeleo", wala yeye hajielezi. Eames, mpelelezi mwenzake, ambaye Kathryn Erbe anamwigiza kwa utulivu mzuri, ndiye anayemwelewa bila kumchokonoa.

Lawama yangu ni moja. Katika "Endgame", kinachofunga msimu wa sita mwaka 2007, waandishi walimleta Mark Ford Brady, muuaji anayesubiri adhabu ya kifo, wakazua shaka kwamba huenda ndiye baba mzazi wa Goren. Roy Scheider, anayemwigiza Brady, anatisha kweli, simnyimi haki yake. Lakini ya nini? Mtu amenyimwa moyo wa mama maisha yake yote, bado mnamtafutia baba muuaji?

Ukitaka kuonja, anza na msimu wa sita, uruke vipindi vya mpelelezi mwingine, Mike Logan, kama huna muda. Nyota nne kati ya tano. Ya tano kaondoka nayo Brady.