SnapMirror: uvunje uhusiano au utengeneze kloni?
Kwenye mifumo ya kuhifadhi data ya NetApp, SnapMirror hunakili volyumu (sehemu ya hifadhi) kutoka kituo kikuu hadi kituo kingine. Volyumu inayopokea nakala hizo haiandikiki wakati urudufishaji unaendelea. Ukitaka kujaribu hifadhidata upande huo, una njia mbili.

Ukivunja uhusiano, yaani kiungo cha kunakili kati ya volyumu hizo mbili, volyumu inayopokea inaandikika, lakini data mpya haivuki tena. Ukija kusawazisha upya kutoka kituo kikuu, yote uliyoandika kule yanafutwa. Kituo kikuu kikiungua katikati ya jaribio, utabaki na nakala iliyopitwa na wakati. Hatari hiyo siikubali kwa jaribio tu. Kuvunja ni kwa maafa halisi.

Kwa majaribio nachagua FlexClone, kipengele cha NetApp cha kutengeneza kloni ya volyumu. Kloni inatokana na snapshoti (picha ya data ya wakati fulani), inaandikika, urudufishaji unaendelea, na nafasi inaliwa na mabadiliko tu. Ila snapshoti yake haifutiki kloni ikiwepo, na diski ni zilezile, hivyo jaribio zito litazielemea.