Kitako cha mbao, jasho la pwani: uzoefu wangu wa kutiliwa nguzo na epoksi Mombasa

Bunduki yangu ni Remington 700 ya .308, kitako chake, yaani mbao yote inayobeba chuma, ni mti wa jozi. Ilipokuwa bara ilipiga vizuri. Nilipohamia nayo Mombasa ikaanza kunisumbua. Mwezi huu risasi tano kwa mita 100 zinakaa ndani ya sentimita nne, mwezi ujao, risasi zile zile na darubini ile ile, zinatapakaa sentimita saba na kundi zima limehamia kushoto. Nilibadilisha risasi. Nikakaza vishikio vya darubini. Nikashuku hata pumzi zangu. Lakini kila nikifungua begi na kushika skrubu mbili za chini zinazofunga chuma kwenye kitako, nazikuta hazikai nilivyoziacha.

Hapa kwetu silaha haiguswi na fundi yeyote tu. Sheria inataka kazi ya namna hii ifanywe na aliyesajiliwa, na cheti chako lazima uwe nacho mkononi. Niliyempata ni mzee wa makamo, mtaratibu. Jina lake na duka lake nayaweka kando kwa sababu nina malalamiko pia, yanakuja.

Kabla ya kunitajia bei alifanya jambo moja lililonifanya nimwamini. Alifunga bunduki kwenye jiliwa lenye vitambaa, akaweka geji ya saa, kipimo chenye mshale kinachoonyesha misogeo midogo, kwenye ncha ya kitako ikigusa mtutu, kisha akalegeza skrubu ya mbele polepole. Mshale ukatembea zaidi ya sehemu kumi za mia za milimita. "Waona, mwanangu? Mtutu wainuka. Chuma hakilali sawa kwenye mbao, na skrubu ndiyo yakilazimisha kupinda." Akanieleza kwamba masika mbao hunywa unyevu na kuvimba, inajibana kwenye vichwa vya skrubu hadi nyuzi zake zinapondeka, kaskazi ikikausha, inasinyaa na skrubu zinabaki hazina cha kushika. Nilikuwa nikikaza mbao iliyokwisha kupondeka.

Kazi yenyewe, yaani kutia nguzo za chuma ndani ya kitako na kulaza bunduki juu ya epoksi, gundi inayoganda ngumu, niliruhusiwa kuitazama siku ya kwanza. Alitoboa upya matundu mawili ya skrubu kwa milimita 14, akatia nguzo, vibomba vifupi vya alumini alivyovikwaruza nje ili gundi iume. Tundu la ndani ya nguzo ni pana kuliko skrubu, skrubu isiguse ukuta. Kuanzia hapo chuma kinakaa juu ya chuma, na ukikaza hukazi mbao tena. Halafu akachonga mbao kidogo pale linapokaa jino la chuma la kupokea mshindo bunduki inaporudi nyuma, akaziba kila tundu kwa udongo wa kuchezea watoto, akapaka mwili wa chuma wa bunduki dawa ya viatu isiyo na rangi, mara mbili, ili gundi isiushike. Kwenye jino aliweka utepe mbele, pembeni na chini, nyuma akaacha wazi. Nyuma ndiko linakosukuma mshindo, kwa hiyo huko tu ndiko lazima ligusane kabisa na epoksi. Kama lingebana pande zote, kuitoa na kuirudisha bunduki kungekuwa vita.

Epoksi ilikuwa ya kijivu, yenye unga wa chuma, nzito kama ugali ulioiva. Aliposhusha bunduki ndani yake hakukaza skrubu. Aliizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli tu. Niliuliza kwa nini. Akasema ukikaza wakati gundi ni mbichi, inaganda pamoja na ule mpindo wa zamani, nawe umelipa bure. Saa 24 baadaye ilitoka kwa kugongwa mara mbili na nyundo ya mpira, na chini yake palikuwa pametulia kama kioo, hakuna hata kitundu cha hewa.

Nimelipa Sh 28,000. Aliniahidi wiki moja, ikawa tatu, na simu zangu mbili hazikupokewa. Ukingo mmoja karibu na dirisha la kutolea maganda ya risasi ulimeguka kidogo, ameuziba lakini naona. Lililoniudhi zaidi ni kwamba mfereji wa mtutu na mbao iliyo chini ya mpira wa bega aliviacha vikavu, bila vanishi. Kwa hewa ya mtaa wa Tudor hapa Mombasa hiyo ni sawa na kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Nilimrudishia. Akapaka bila kunidai, ila ilibidi nimwambie mimi.

Tangu hapo nimepiga mara sita, mvua kubwa zikiwemo. Skrubu nazikaza nyutoni-mita 7 kwa spana ya kupimia, nazikuta pale pale. Noti ya shilingi 50 inapita chini ya mtutu hadi karibu na mwili bila kukwama. Risasi tano sasa ni kama sentimita tatu, na ile ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, inaingia pamoja na wenzake. Geji ya saa inasogea sehemu mbili tu za mia za milimita.

Ukitaka kujua kama kitako chako kina ugonjwa huu, hakikisha kwanza bunduki ni tupu, weka kidole pale mbao inapokutana na mtutu kwa mbele, legeza skrubu ya mbele kisha ikaze. Kidole kikihisi chuma kinatembea, usinunue darubini mpya. Nimeahidi kumpelekea yule fundi bunduki yangu aipime tena kaskazi ikikolea.