Feri ya Staten Island: uzoefu wangu, pamoja na dola 30 nilizopigwa

Nianze na bei, kwa sababu ndipo nilipopatia hasara. Feri ya Staten Island, New York, ni bure. Kwenda bure, kurudi bure, usiku na mchana, mwaka mzima. Zamani ilikuwa senti 50, na nauli hiyo ikafutwa 1997. Mimi sikuwa na habari. Nilipotoka kwenye treni ya chini ya ardhi, kituo cha South Ferry, nilikutana na kijana amevaa reflekta, kitambulisho kinaning'inia shingoni, akaniambia nifanye haraka kwani tiketi zinaisha. Nikamhesabia dola 30. Mpwa wangu, ambaye anakaa Jersey City na tulikuwa tumeagana tukutane mlangoni, alikitazama kile kikaratasi akashika kichwa.

"Mjomba, wewe mtu wa Likoni walipia feri na huna gari?"

Sikuwa na la kumjibu. Feri ya Likoni, kwetu Mombasa, mwenda kwa miguu halipi. Basi ukifika pale, mtu yeyote wa barabarani anayekuuzia tiketi ya feri hii, mpite. Ingia moja kwa moja kwenye lile jumba la vioo lenye maandishi makubwa, ndilo gati la Whitehall, na usubiri mlango ufunguliwe.

Kusubiri kwenyewe hakutampa tabu aliyezoea kuvuka Likoni. Watu wanajaa mbele ya milango, wenye haraka wanasogea polepole kwa bega, mbwa wa kunusa mabomu anapitishwa katikati ya miguu, kisha milango inafunguka na umati mzima unamiminika. Nilichokosa ni wauza kashata na mtu wa kupiga kelele. Asubuhi na jioni ya siku za kazi kuna feri kila baada ya dakika 15 hivi, saa nyingine kila nusu saa.

Tuliyopanda inaitwa Dorothy Day, mojawapo ya feri tatu mpya zinazoweza kuchukua watu 4,500 kila moja. Zote zimepakwa rangi ya machungwa, unaziona toka mbali. Haina tezi wala omo: inaondoka ilivyoingia, kama zetu tu. Magari haibebi tena tangu mashambulizi ya Septemba 2001.

"Kulia, Mjomba, kaa kulia," mpwa wangu akanivuta. Sikiliza ushauri wa mpwa wangu. Unapotoka Manhattan kwenda Staten Island, Sanamu ya Uhuru iko mkono wa kulia, na wageni wote wanalijua hilo, kwa hiyo sitaha ya nje upande huo inajaa simu zilizoinuliwa juu. Sanamu ina mita 93 ukianzia chini hadi kwenye mwenge, lakini feri haisimami na wala haiikaribii sana. Ukitaka kushuka kisiwani kwake, au Ellis Island walikopitishwa wahamiaji milioni 12 kati ya 1892 na 1954, panda mashua za Statue City Cruises zinazotoka Battery Park. Hizo ndizo zenye tiketi halali. Kuona kwa mbali kulinitosha.

Wageni walipokwisha piga picha zao walirudi ndani kukimbia upepo, na hapo ndipo safari yangu ilipoanza hasa. Nilikuwa nimekaa siku nne Manhattan nikizunguka kwa treni za chini ya ardhi, unaingia shimo hili unatokea shimo lile, na sikujua kaskazini ni wapi. Juu ya ile sitaha ndipo mji ulijipanga. Nyuma, Manhattan imechongoka kama ncha, na mnara wa One World Trade Center wenye mita 541 umesimama juu ya mengine yote. Mto Hudson unateremka upande mmoja, na upande wa pili ule wanaouita East River. Huu wa pili si mto hata kidogo. Ni mkono wa bahari, maji yanaingia na kutoka yakifuata kujaa na kupwa. Hata Hudson wenyewe, bahari inaupanda hadi Troy, zaidi ya kilomita 200 huko juu. Maji yao lakini hayapandi kama yetu. Kujaa na kupwa kunapishana mita moja na nusu hivi. Wakiona bamvua ya Mombasa watahama.

Jambo ambalo ramani ya treni haikuniambia ni kwamba New York ni mji wa visiwa. Kati ya sehemu zake tano, ni Bronx peke yake iliyo bara. Manhattan ni kisiwa, Staten Island ni kisiwa, Brooklyn na Queens ziko kwenye ncha ya Long Island. Kushoto tu mkiondoka kuna Governors Island, kisiwa kidogo ambacho zaidi ya nusu yake ni kifusi: udongo uliochimbwa kutengeneza njia ya treni mwanzoni mwa karne ya 20 ulimwagwa huko. Kumbe yale mashimo niliyokuwa nikipotea ndani yake yamezaa kisiwa.

Mbele, kushoto, kuna daraja la Verrazzano, umbali kati ya nguzo zake mbili mita 1,298. Lilipofunguliwa 1964 hakukuwa na daraja lingine duniani lililoning'inia umbali mrefu hivyo kati ya nguzo mbili. Chini yake ndio mlango wa bandari. Niliukazia macho mlango ule kwa sababu yangu mwenyewe. Tarehe 30 Aprili 1840 ilifika hapa Sultana, jahazi la Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, ikitokea Unguja na tende, karafuu, kahawa na pembe za ndovu, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Naaman. Sayyid Said huyohuyo aliyewang'oa watawala wa Kimazrui Mombasa miaka mitatu kabla. Chombo kilikuwa kimechoka, Wamarekani wakakitengeneza kwenye gati lao la manowari Brooklyn bila kudai malipo, kikarudi na marobota ya vitambaa vya merikani. Nilimsimulia mpwa wangu, akasema, "Kwa hiyo bure ya hapa ilianza zamani."

Makontena ukiyatafuta Manhattan hutayaona. Mengi yanashushwa Newark na Elizabeth, upande wa New Jersey, na meli zinafika huko kwa kupita mkondo mwembamba wa Kill Van Kull, pembeni ya Staten Island. Juu yake kuna daraja la Bayonne, ambalo ilibidi barabara yake ipandishwe kutoka mita 46 hadi 65 juu ya maji, kazi iliyofungua njia kwa meli kubwa mwaka 2017. Siku ile meli moja ilikuwa inaingia, tagi mbili, zile mashua za kuvuta meli, zimeibana ubavuni, na feri yetu ikapunguza mwendo kuipisha. Ilipita makontena yamepangwa kama ghorofa, ikaficha jua kidogo.

Karibu na hapo, kulia, umesimama mnara mfupi wa taa juu ya mwamba, Robbins Reef. Mwanamke mmoja, Kate Walker, aliitunza taa ile tangu mumewe alipofariki hadi 1919, akawavusha wanawe kwenda shule kwa kupiga makasia, na anahesabiwa kuwa aliokoa watu kama 50. Feri nzima, sikuona mtu mwingine aliyeutazama.

Safari ni kilomita 8 na kitu, dakika 25. Kuegesha ndiko nilikokupenda: feri inaingia katikati ya kuta za nguzo za mbao, inazisugua taratibu, na mbao zinalia kwa sauti ya mlango wa zamani. Kisha lazima wote mshuke, hata kama mnarudi na feri ileile, mzunguke mpandie upande wa pili. Usijifiche chooni, watakutoa. Tulitembea dakika chache hadi ufukweni St. George, penye mbawa mbili nyeupe za ukumbusho wa watu wa Staten Island waliouawa 2001, zimeelekezwa palipokuwa minara pacha ya World Trade Center.

Nimeipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya vioo vya ndani vilivyojaa chumvi na alama za vidole, na kwa kahawa.

Jioni nilimpigia mama simu. Akauliza nauli, nikamwambia hakuna, kama Likoni. Na magari? Hayapandi siku hizi. Akanyamaza kidogo.

"Sasa wenye mikokoteni huvukia wapi?"