Kichuna kebo cha shilingi 18,000: kizuri, ila si kwa kazi niliyokinunulia

Nianze na nyota: tatu kati ya tano. Ningekuwa nafunga madishi ya TV ningekipa tano bila kufikiri.

Mimi ni fundi mstaafu wa redio za meli, naishi Tanga, na jioni zangu nyingi zinaishia kwenye redio ya ridhaa, ile ya kuongea na watu wa mbali kwa kujifurahisha. Miaka yote hiyo kebo ya antena nimeichuna kwa wembe. Mwezi Januari wembe ukaniaibisha.

Nilikuwa nimepata filta ya Collins YF-122C, kibao kidogo cha elektroniki cha kuchuja kelele, cha kuweka ndani ya redio yangu ya Yaesu FT-817. Kuiweka hakutaki hata pasi ya kulehemu. Unatoa betri na waya wa umeme, unafungua skrubu za kifuniko cha juu, unakinyanyua taratibu maana spika imo humo kifunikoni na waya wake ni mwembamba, unachomoa plagi ya spika, kisha unaikandamiza filta kwenye soketi zake mpaka ikae sawasawa. Nafasi ni moja tu, kwa hiyo unaamua mapema kama unataka filta ya sauti au ya Morse, yaani maandishi ya milio mifupi na mirefu. Mimi ni mtu wa Morse, nikachukua hiyo yenye upana wa hezi 500.

Dakika 15 nimemaliza. Nikawasha, nikaenda megahezi 14.100, pale stesheni 18 za ishara zilizotawanyika duniani zinapopokezana, kila moja ikipiga kwa sekunde 10 kisha inampisha mwenzake, mzunguko mzima dakika 3. Kimya. Nikigonga meza, inasikika, nikitulia, inapotea. Nikailaumu filta. Nikafungua redio mara mbili, nikaichomoa, nikaipuliza, nikairudisha. Kumbe maskini haina kosa. Kosa lilikuwa kwenye plagi ya nyuma, PL-259 niliyoifunga kwa mikono yangu mwenyewe: unywele mmoja wa ule wavu wa shaba ulio chini ya ganda la kebo ulikuwa umebaki ndani na unagusa waya wa katikati. Nilipoweka testa na kuikunja kebo, ikalia.

Usiku huohuo nikaagiza kichunaji. Kilifika baada ya siku tisa ndani ya bahasha, hakina jina la kampuni, plastiki ya rangi ya chungwa, chemchemi kama ya kibanio cha nguo, visu viwili, na kifunguo cha pembe sita cha kurekebishia kina cha visu. Unaibana kebo, unakizungusha mara tano, unavuta. Ganda linatoka na wavu unabaki umekatwa duara safi ambalo wembe wangu haujawahi kulikata.

Hapo ndipo penye mtego. Visu vimetegwa kiwandani kwa kebo ya TV. Mimi natumia kebo ya RG-58, yenye unene wa milimita 5, nyembamba kuliko hiyo. Kipande cha kwanza nilipokivuta, kati ya nyuzi 19 za waya wa katikati zilikuja na ganda karibu nusu. Kwa anayefunga redio ya mkononi hilo ni jambo dogo, atasema zilizobaki zinatosha. Kwa antena inayoyumbishwa na upepo wa bahari, hizo zilizobaki zitakatika moja moja hadi siku utakayokuwa unaongea na mtu wa mbali.

Nikakaa na vipande vya kebo chakavu, nikipunguza kisu robo mzunguko kila mara, mpaka kipande cha saba. Kisu cha ganda kilikubali. Cha ndani hakikukubali, na hata kingekubali kisingenifaa, kwa sababu nafasi kati ya visu imepimwa kwa plagi ya TV, ambayo inataka ncha fupi. PL-259 inataka waya wa katikati ufike mpaka mwisho wa pini. Basi nimekitoa kile kisu cha ndani, nimekihifadhi kwenye kopo la vidonge. Ganda nalikata kwa kichunaji, wavu naufumua kwa msumari na kuukunja nyuma juu ya kile kipande cha kupunguzia, kinachoifanya kebo nyembamba ienee kwenye plagi, plastiki nyeupe bado naikata kwa wembe. Nusu ya kazi, ndiyo. Lakini ni ile nusu iliyokuwa inaniangusha.

Kebo ya RG-213 usijisumbue nayo. Ina milimita 10, mdomo wa hiki kidude haufunguki kiasi hicho.

Plagi nilizonunua pamoja nacho zina rangi ya kung'aa sana na risasi inateleza juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Ilibidi nizikwangue kwa tupa kwenye yale matundu manne kabla ya kulehemu. Na ya kwanza niliilehemu vizuri ajabu, imetulia, inameta, nikaipiga picha, ndipo nikaona kikombe chake cha kufungia, ambacho huvishwa kwenye kebo kwanza, kipo mezani. Miaka 31 kazini. Nikaikata.

Ya pili imekaa. Nimeizungushia utepe wa mpira, maana chumvi ya hapa hula shaba usiku na mchana. Jioni ile ZS6DN ya Pretoria, mojawapo ya zile stesheni 18 za ishara, ilisimama peke yake, kelele zote pembeni zimenyamaza. Stesheni hizi hupiga jina kwa wati 100, kisha milio minne mirefu: wa kwanza kwa nguvu hiyohiyo, na kila unaofuata ni sehemu ya kumi ya nguvu ya uliotangulia. Niliusikia wa kwanza, wa pili, na wa tatu, ule wa wati 1. Wa nne sijausikia.

Jumapili kijana wa jirani anayefunga madishi alinikuta barazani. "Shikamoo mzee. Hicho kidude naomba nikione." Nikakirudishia kisu cha ndani, akachuna kebo yake ya TV kwa sekunde chache, plagi ikaingia bila kusukumwa. Akakitazama, akanitazama, akasema atakileta kesho. Leo ni Alhamisi, na nina plagi tatu zinasubiri.