TAHADHARI: Wakala wa "muhula Ujerumani" hapa Mbeya. Binti wa kwenye tangazo ni mimi, na hakunipeleka yeye

Ndugu zangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, hasa wazazi wenye vijana vyuoni na wadogo zangu mnaosoma, naomba mnisome mpaka mwisho kisha mumtumie na mwenzenu.

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanachuo: "Soma muhula mmoja Ujerumani, nafasi chache, wahi ulipie." Limewekwa picha ya binti amesimama darajani, mto uko chini yake na kilimani kwa nyuma inaonekana ngome kubwa. Wameandika kwamba huyo ni "mwanafunzi wetu, amefika salama". Binti huyo ni mimi. Hapo ni kwenye daraja la Weidenhausen juu ya mto Lahn, mjini Marburg. Koti nililovaa ni la mtumba, nililinunua Mwanjelwa kabla ya safari, na ukiikuza picha utaona mfuko wa kulia umeshonwa kwa uzi mweusi usiolingana na kitambaa. Shangazi ndiye aliushona. Kwenye picha yenyewe tuko wawili. Wamemkata mwenzangu, ila vidole vyake bado vinaonekana begani kwangu.

Huyo bwana simjui. Sijawahi kukanyaga ofisi yake wala kumpa hata shilingi. Marburg nilikwenda kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, kupitia chuo changu mwenyewe, na hakuna wakala aliyegusa hatua yoyote ya safari ile.

Nimeamua kuandika baada ya kupigiwa simu na mama mmoja wa Tukuyu, ambaye alipata namba yangu kwa binamu yangu. Kijana wake yuko mwaka wa pili. Ameshatoa zaidi ya milioni mbili, hela ya ndizi na ya ndama aliyemuuza, na sasa anaambiwa aongeze nyingine la sivyo nafasi inapewa mtu mwingine. Akaniambia, "Mwanangu, nilikuona wewe umefika, ndiyo maana nikatoa." Maneno hayo yameniuma kuliko picha kuibwa. Ameaminishwa kwa sura yangu, na sura hiyo wanaendelea kuitumia kwa wengine hivi ninavyoandika.

Jinsi anavyofanya kazi, kwa maelezo ya mama huyo na ya wanafunzi wengine waliolipa niliozungumza nao: ana chumba ghorofani upande wa Kabwe, na mezani kaweka kibendera cha Ujerumani. Hakutajii bei yote siku ya kwanza. Anaanza na "fomu", laki moja na nusu. Wiki inayofuata ni "barua ya chuo". Halafu "ada ya muhula", halafu "kulipia hosteli mapema kwa sababu mji ni mdogo vyumba vinaisha". Kila malipo yanakwenda namba tofauti, na jina linalotokea kwenye simu si lake, mara nyingi ni la mwanamke. Risiti anaandika kwenye kile kitabu cha dukani, haina TIN (namba ya mlipa kodi) wala haitoki kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Ukiuliza kwa nini, anasema kampuni bado iko kwenye hatua za usajili.

Barua anayotoa nimeiona, mama alinitumia. Inasema muhula unaanza tarehe 15 Januari. Mtu yeyote aliyesoma Ujerumani akiona tarehe hiyo anashtuka. Kule muhula wa baridi huanza rasmi tarehe 1 Oktoba, masomo yakaanza katikati ya Oktoba na kumalizika katikati ya Februari. Muhula wa kiangazi ni kuanzia tarehe 1 Aprili. Katikati ya Januari watu wanajiandaa na mitihani, hakuna anayepokea wanafunzi wapya. Barua hiyohiyo inadai ada ya yuro 3,500. Chuo Kikuu cha Marburg ni cha umma, kimekuwepo tangu mwaka 1527, na mwanafunzi wa kubadilishana hatozwi ada ya masomo na chuo kinachompokea. Chini kabisa kuna anwani ya barua pepe ya Gmail, si ya chuo.

Sasa niwaeleze njia halali ilivyo, kwa sababu naona tapeli anaishi kwa watu kutoijua.

Kubadilishana wanafunzi ni makubaliano ya chuo na chuo. Erasmus+ ni mpango wa Umoja wa Ulaya, ulianza mwaka 1987 kwa ajili ya wanafunzi wa Ulaya wenyewe, na siku hizi unapokea pia wanafunzi wa nje ya Ulaya, wakiwemo wa Tanzania, ili mradi chuo chako kina makubaliano na chuo cha kule. Tangazo linabandikwa na chuo chako. Maombi unapeleka kwenye ofisi ya mahusiano ya kimataifa ya chuo chako, na ni chuo chako kinachopeleka jina lako Ulaya. Muda ni miezi 2 hadi 12. Ukichaguliwa hulipii nafasi, bali wewe ndiye unayepewa fedha ya kujikimu na mchango wa nauli. Kuna pia mkataba wa masomo unaosainiwa na pande tatu, yaani wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea, unaotaja masomo utakayosoma. Mkataba huo ndio unaofanya alama zako zihesabiwe ukirudi. Hao waliolipa kwa huyu bwana, nilipowauliza kuhusu mkataba wa masomo, hakuna aliyewahi kuusikia. Hata wangefika Ujerumani kwa miujiza, wangerudi na muhula mzima usiotambuliwa.

Kama chuo chako hakina makubaliano hayo, hakuna mtu wa mtaani anayeweza kukuuzia. Hilo mzazi alishike kabla ya yote, maana linamaliza mjadala wote.

Kuhusu viza, anawaambia anaombea "kwa kundi" na kwamba wamwachie pasipoti. Msimwachie mtu pasipoti. Muhula mmoja unazidi siku 90, kwa hiyo inatakiwa viza ya kitaifa ya Ujerumani, ambayo ada yake ni yuro 75, laki mbili na ushee. Unakwenda wewe mwenyewe Dar es Salaam, unachukuliwa alama za vidole, unaulizwa maswali yako. Vidole vyako havitoki Mbeya kwenda ubalozini kwenye bahasha ya mtu.

Hatua inayonitisha zaidi ni ile anayowapeleka sasa, na hapa nitakaa kidogo. Anawaambia kwamba serikali ya Ujerumani inataka "akaunti ya dhamana", hivyo wazazi waanze kuchanga, wamtumie yeye aifungue. Amechukua jambo la kweli akalipindua. Ni kweli mwanafunzi anayejilipia mwenyewe huwa anatakiwa kuonyesha fedha kwenye akaunti maalumu, Wajerumani huiita Sperrkonto, na tangu Septemba 2024 kiwango chake ni yuro 11,904 kwa mwaka mzima, zaidi ya milioni thelathini za kwetu. Lakini akaunti hiyo inafunguliwa kwa jina la mwanafunzi. Hela ni yake, na akifika kule anaitoa yuro 992 kila mwezi kwa ajili ya kodi na chakula. Haipiti kwa wakala, haitumwi kwa simu. Na mwenye ufadhili unaomtosheleza huonyesha barua ya ufadhili. Jamani, kuna mzee mmoja wa Mbozi anatafuta mteja wa shamba la kahawa ili apeleke hela hii. Kama ni ndugu yako au jirani yako, mfuate leo.

Mengine nipite haraka. Anaahidi kazi ya kiwandani yenye mshahara mnono "wakati unasoma". Mwanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya ana ukomo wa siku 140 za kazi kwa mwaka, na katika mji mdogo kama ule, ukiwa hujui Kijerumani, kupata hata ya kuosha vyombo ni kazi. Mtu asiuze ng'ombe kwa ahadi hiyo.

Mawakala halali wa vyuo vya nje wapo, sisemi wote ni vishoka. Ila wakala wa kupeleka wanafunzi nje anatakiwa kutambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), kwa hiyo usikubali cheti kilichotundikwa ukutani, wasiliana na TCU wenyewe uwatajie jina la kampuni. Usajili wa kampuni unathibitishwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Mtu akikasirika kwa sababu umesema unakwenda kuuliza, ondoka.

Kwa mliokwisha kulipa: msifute meseji hata moja, hata zile za matusi. Chukueni picha za miamala zikionyesha namba, jina, tarehe na saa. Kama umetuma leo au jana, piga simu kwa mtandao wako wa simu haraka kabla hela haijatolewa. Namba zake zitumeni TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kwa meseji kwenda 15040. Halafu twendeni polisi, na ni bora twende pamoja kuliko mmojammoja, kwa sababu anayekwenda peke yake anaitwa pembeni anarudishiwa laki mbili ili anyamaze, na wengine wanabaki hivyohivyo. Udanganyifu na kughushi kwa mtandao vipo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kwa upande wa picha yangu, naandaa malalamiko yangu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mama wa Tukuyu amekubali kutoa maelezo, na mimi nitatoa yangu, pamoja na ile picha isiyokatwa na barua halisi ya chuo iliyonipeleka. Aliyelipa na yuko tayari, aniandikie inbox akitaja tarehe na namba aliyotumia hela. Majina yenu sitayaweka hadharani. Na atakayeliona tangazo hilo kwenye grupu jingine, anitumie picha yake na jina la grupu, niyaambatanishe.